Iringa au Mbeya: mji upi ubebe riwaya yako ya mauaji ya chuoni?

Riwaya za upelelezi zinazowavuta vijana zina mandhari inayojirudia: mji mdogo wa chuo huko Uingereza au Marekani, theluji imeziba barabara, wanafunzi wamekwama bwenini, na kufika asubuhi mmoja wao ni maiti. Waandishi wetu chipukizi wengi huichukua mandhari hiyo nzimanzima, kisha wanahangaika kueleza theluji wasiyoijua. Hakuna haja hiyo. Nyanda za Juu Kusini za Tanzania zina baridi inayouma, zina vyuo vikuu vilivyojaa vijana wanaoishi mbali na kwao, na zina miji miwili inayoweza kubeba kisa cha namna hiyo bila kuazima chochote. Kilichobaki ni kuchagua.

Iringa na Mbeya hazibadilishani. Kisa kinachokaa vizuri Iringa kitalegea ukikihamishia Mbeya, na cha Mbeya kitabanwa Iringa. Kipimo ninachokiamini ni hiki: baridi na mji viwe na kazi ndani ya kesi yenyewe. Kama muuaji wako angeweza kufanya vilevile Tanga mwezi wa pili na mpelelezi akamkamata kwa ushahidi uleule, basi sweta na chai ya tangawizi ulizoziweka ni mapambo tu.

Baridi yenyewe

Mbeya ina baridi kali zaidi. Jiji lipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, chini ya safu ya milima, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba nyuzi za sentigredi hushuka hadi 6 hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Iringa ipo chini kidogo, mita 1,600 hivi, na usiku wake wa kipupwe huzunguka nyuzi 10 hadi 12, ila una upepo unaopanda kutoka bonde la Ruaha Mdogo na kupenya hata kwenye dirisha lililofungwa. Kwenye ukurasa, tofauti hiyo ina maana. Baridi ya Mbeya inaweza kubadilisha hali ya maiti. Ya Iringa inabadilisha zaidi tabia za watu: wanaingia ndani mapema, wanafunga milango, wanakaa chumba kimoja na kusikilizana.

Miji yote miwili ina jambo moja ambalo mwandishi aliyezoea pwani hulikosea: kipupwe chetu ni kikavu. Mvua zimeshakatika. Usiweke tope la kushika nyayo mwezi wa saba Iringa mjini, wala ngurumo za radi usiku wa mauaji. Weka vumbi, nyasi zilizokauka, anga safi yenye nyota nyingi mno. Ulanzi nao uache. Ni kinywaji cha huko Iringa kweli, lakini mianzi hugemwa msimu wa mvua, na msomaji wa Kilolo atakifunga kitabu akiona wahusika wako wanakunywa ulanzi mbichi wakati wa kipupwe.

Kinachoweza kuchukua nafasi ya theluji ni sakitu, ule weupe wa alfajiri juu ya majani. Mtu akikatiza uwanja wenye sakitu anaacha mstari mweusi nyuma yake, na jua likipanda kidogo mstari wote unapotea. Fikiria ushahidi unaodumu chini ya saa moja, na shahidi pekee aliyeuona ni mlinzi wa zamu ya usiku ambaye hakujua ni ushahidi. Lakini Iringa mjini sakitu si jambo la kawaida, na hata Mbeya huwezi kuitegemea kila asubuhi. Ukiihitaji lazima uijenge mapema, kwa kutaja usiku wa baridi isiyo ya kawaida sura mbili kabla.

Halafu kuna jua. Nchi nzima inafuata saa ileile, lakini Mbeya ipo magharibi sana kuliko Dar es Salaam. Mwezi wa saba jua la Mbeya huchomoza karibu saa 1 kamili asubuhi. Iringa hutangulia kwa dakika kama 10, na Dar es Salaam limeshatoka zaidi ya dakika 20 kabla. Mwanafunzi wa Mbeya mwenye kipindi cha saa 1 anatoka chumbani gizani, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, skafu imefunika mdomo. Wanafunzi mia wanatembea hivyo na hakuna anayemtambua mwenzake. Hakuna mji wa pwani unaoweza kumpa muuaji zawadi ya namna hiyo, na kwa hili peke yake Mbeya inashinda.

Jiko la mkaa

Kifo kinachofaa zaidi mandhari hii ni kile ambacho wenyeji wanakijua na kukiogopa: jiko la mkaa lililoingizwa chumbani kwa ajili ya joto, dirisha limefungwa, watu wamelala na hawakuamka. Kila mwenye ndugu Nyanda za Juu amewahi kuonywa. Mkaa unaoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu inayopita ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu analala, kichwa kinauma kidogo, basi.

Kwa mwandishi, uzito wake ni kwamba kifo hicho kinaonekana ajali hata kabla polisi hawajafika. Mtaa mzima utasema "jamani, jiko", na mazishi yatapangwa. Mpelelezi wako kijana ndiye atakayeuliza swali moja: marehemu hakuwa na jiko, hili lilitoka wapi? Anaweza pia kusoma mwili. Sumu hii huacha wekundu wa waridi usio wa kawaida, na kwa mtu mwenye ngozi nyeusi huonekana kwenye kucha, viganja, midomo na ndani ya kope. Ikiwa hakuna wekundu huo, huenda mtu alikufa kwanza, jiko likaletwa baadaye.

Na saa ya kifo? Baridi huupoza mwili haraka na huchelewesha kukakamaa. Jiko nalo huuweka mwili kwenye joto. Chumba kilichokuwa na moto hadi saa 9 usiku kisha kikapoa hadi nyuzi 6 kitamchanganya hata daktari makini. Hapa ndipo baridi inapofanya kazi. Kisa hiki kinawezekana Iringa, lakini Mbeya ndiko chumba kinapoa kiasi cha kufanya hesabu ya saa kuwa fumbo la kweli, tena ndiko kuna mtu wa kulifumbua, kama nitakavyoeleza.

Naomba jambo moja kwa yeyote atakayelitumia jiko: aandike pia mtu anayefungua dirisha. Wasomaji wa riwaya hizi wana miaka 16, 17, 18, na baadhi yao watalala chumba chenye jiko usiku huohuo wanaosoma.

Umbo la mji

Hapa ndipo ninapoipenda Iringa. Mji upo juu ya kilima. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita chini, Ipogolo, na anayetaka kuingia mjini anapanda. Hilo peke yake linakupa mji uliojitenga bila theluji kufunga barabara: kuna walio juu na kuna wapita njia walioko chini. Ukiwa juu, mitaa ya Gangilonga, Kihesa, Mlandege, Makorongoni na Mwangata imekaribiana kiasi kwamba mtu anaweza kuonekana na watu wale wale mara tatu kwa siku. Kwa sensa ya 2022, Manispaa ya Iringa ilikuwa na watu wanaozidi kidogo 200,000. Jiji la Mbeya lilikuwa na zaidi ya 540,000, waliojipanga kuifuata barabara kuu tangu Uyole kuelekea Mbalizi, mwendo wa kilomita kama 20.

Kwa hiyo mashahidi wako watasema tofauti. Mama mwenye nyumba wa Kihesa, baada ya shikamoo na marahaba, atamwongezea mpangaji wake salamu ya Kihehe na kumwambia: "Kamwene, mwanangu. Juzi ulirudi usiku, geti nililisikia. Na yule uliyekuja naye hakuwa Neema." Bodaboda wa Mafiati, Mbeya, atasema: "Dada yangu, hapa nabeba watu kuanzia alfajiri. Wote wamevaa makofia. Nitamkumbuka nani?" Iringa inakupa mashahidi wengi mno, kila mmoja na uongo wake mdogo wa kulinda heshima ya nyumba. Mbeya inakupa uhaba wa mashahidi, na mpelelezi analazimika kutegemea vitu.

Vitu vya Mbeya lakini ni vitamu. Chukua koti. Wanafunzi hununua makoti na masweta ya mtumba, na soko la Mwanjelwa ni maarufu kwa hayo. Koti la mtumba mara nyingi halina pacha mjini: kifungo kimoja cha rangi nyingine, lebo ya lugha isiyosomeka, mfuko uliochanika na kushonwa na fundi wa hapo sokoni. Muuzaji aliyefungua belo lile analikumbuka, kwa sababu alilipigia bei na mtu fulani, na wakabishana. Kwenye mji wa nguo za dukani koti halimtambulishi mtu. Mwanjelwa linamtambulisha karibu kama alama za vidole, nami nashangaa kwamba hatujasoma riwaya nyingi zinazozunguka sokoni humo.

Mbeya pia ina njia za kutorokea. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, inapita hapo. Tunduma na mpaka wa Zambia ni kilomita kama 100, na upande wa Kyela kuna Kasumulu, mpaka wa Malawi. Mtuhumiwa akipotea saa 12 jioni, kabla ya saa 4 usiku anaweza kuwa karibu na nchi nyingine. Treni uitumie kwa uangalifu: ya abiria haipiti kila siku, na kuchelewa kwake kunajulikana, hivyo njama inayotegemea dakika za ratiba haitaaminika. Anayedai "nilikuwa kwenye treni iliyochelewa", huyo ataaminika na kila mtu, na ndiyo maana ni uongo mzuri.

Mpelelezi wako anasoma nini

Swali hili wengi hulipita, nalo ndilo linaloamua mji.

Iringa ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanzishwa 2005 pale palipokuwa sekondari ya Mkwawa. Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho wazee wa mjini bado wanakiita Tumaini. Na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha. Uzito wake ni ualimu, sheria na masomo ya jamii. Mpelelezi wa Iringa basi ni msomaji wa nyaraka. Anajua kuhoji, anajua sheria ya ushahidi, anasoma historia. Na historia ipo chini ya miguu yake: Kalenga, kilomita chache kutoka mjini, linahifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, aliyejiua mwezi wa saba 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliamuru lirudishwe, likarudi 1954, miaka 56 baada ya kifo chake. Kijana anayeandika tasnifu juu ya kisa hicho ameshazoea kesi ambayo jibu lake lilicheleweshwa na wenye mamlaka. Ongeza Isimila, kilomita kama 20 kuelekea Mbeya, zile nguzo za udongo na zana za mawe za kale, na una mahali pa sura ya mwisho panapotisha bila kutiwa chumvi.

Mbeya ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ina ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayoshirikiana na Hospitali ya Rufaa ya Kanda, ina Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji na kampasi ya Mzumbe. Jijini kuna pia ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mpelelezi wa Mbeya ni mwanafunzi wa udaktari au uhandisi. Yule wa mwaka wa tatu aliyeanza kuzunguka wodini ndiye atakayeangalia kucha za marehemu na kusema polepole kwamba jiko halikumuua. Ukitaka kisa cha mwili na maabara, Mbeya haina mpinzani.

Kalenda ya chuo inakufaa kote. Mwaka wa masomo huanza mwezi wa kumi au wa kumi na moja, kwa hiyo mwezi wa saba unawakuta wanafunzi kwenye UE, mitihani ya mwisho, za muhula wa pili, wameshajuana miezi tisa hivi: wamekopeshana, wamependana, wamesalitiana. Bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, limekwisha. Kuna wenye sapu, mitihani ya marudio, na kuna anayejua kwamba safari hii ni kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Sababu za mauaji zipo nyingi kabla hujabuni yoyote. Na kuna kubebana, ule utaratibu wa mwanafunzi asiye na chumba kulala kwenye kitanda cha mwenzake kinyume cha sheria za hosteli. Shahidi mkuu alikuwa ndani ya chumba usiku ule, lakini jina lake halimo kwenye orodha, na akisema atamfukuzisha rafiki yake. Katika baridi hakuna hata anayeshangaa kuona wawili wamejibanza kitanda kimoja.

Polisi na mahakama

Kote ni sawa, kwa hiyo kwa ufupi. Shauri la mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, na miji yote miwili inayo. Kosa hilo halina dhamana, upelelezi na maandalizi huchukua muda mrefu, na mshtakiwa anasubiri mahabusu. Ukiruhusu rafiki wa mhusika wako ashtakiwe sura ya tano, riwaya itageuka ya miaka. Afadhali abaki anahojiwa, simu yake ikiwa imechukuliwa, huku mshauri wa wanafunzi akimwita ofisini kila asubuhi. Miamala ya simu itumie: laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, na ujumbe wa kutuma shilingi 5,000 saa 4:12 usiku unasema mwenye laini alikuwa hai saa 4:12, au kwamba mwingine alikuwa na namba yake ya siri.

Kishawishi cha kukiepuka

Mikoa hii imebeba majonzi ya kweli ya mauaji yaliyohusishwa na imani za kishirikina. Watoto waliouawa Njombe mwanzoni mwa 2019 wana wazazi ambao bado wanaishi hapohapo. Mwandishi anayetoka mbali hupata hamu ya kumfanya mganga kuwa jibu la fumbo, na hamu hiyo humshika zaidi anapoandika juu ya Mbeya. Sipendi kabisa jibu hilo. Linawaumiza walio hai, na kiufundi ni udanganyifu, kwa kuwa msomaji aliyekuwa akikusanya vidokezo ananyang'anywa nafasi ya kufumbua mwenyewe. Wahusika waseme ni uchawi, ndiyo, watu husema. Muuaji awe na sababu ya kibinadamu.

Vipi kuhusu Njombe, Makete, Tukuyu?

Njombe na Makete ndizo zenye baridi ya kweli; Kitulo, uwanda wa Makete ulio juu ya mita 2,600, hugandisha maji usiku. Ila hazina msongamano wa wanafunzi wa vyuo vikuu unaotakiwa hapa. Zitumie kwa safari ya kumzika marehemu kwao, sura moja, sakitu ikiwa nyeupe makaburini. Tukuyu ina mvua nyingi mno kwa kisa hiki kikavu.

Ningechagua upi

Kwa riwaya ya kwanza, Iringa. Fumbo la mwanzoni linahitaji watuhumiwa wachache wanaojuana, mahali msomaji anapoweza kupashika kichwani, na mashahidi wanaoongea. Kilima cha Iringa kinakupa vyote. Hadithi ikihusu siri ya watu sita waliokaa korido moja, usihangaike na jiji kubwa.

Nenda Mbeya kama muuaji wako ni mgeni kwa marehemu, kama kisa kina fedha za mpakani au mizigo, kama mpelelezi wako amevaa koti jeupe la hospitali, au kama umeipenda ile picha ya wanafunzi mia gizani wasiotambuana. Itakuchosha zaidi, kwa sababu mji uliotawanyika unadai uandike safari: daladala, bajaji, kusubiri.

Wapo watakaotaka miji yote miwili. Inawezekana. Basi kati ya Iringa na Mbeya ni kilomita kama 330, mchana mzima wa kukaa kiti kimoja na mtu unayemshuku. Mauaji yawe Iringa, kisha ushahidi uwapeleke Mbeya, kamwe si kinyume chake, maana ukishatoka kwenye mji mkubwa kurudi kwenye mdogo kasi inashuka.

Na chuo chenyewe kibuni, usitumie jina la chuo halisi kwa maiti na kwa mhadhiri mwovu. Iringa kiweke ng'ambo ya Kihesa, njia ya Dodoma, ambako kuna nafasi na upepo. Mbeya kiweke chini ya mlima Loleza, na umpe mhusika nauli ya bajaji, kwa sababu stesheni ya TAZARA haipo mwendo wa miguu.